Nebula na Taa ya Uani

Mwende mdogo wangu,

Huko Kasikeu mnaombea mvua, mimi hapa Nuu naombea anga kavu. Unisamehe. Napiga picha nebula ya Orioni, wingu la gesi lenye kiini king'aavu na kingo hafifu. Picha za sekunde chache hushika kiini, za dakika kadhaa hushika kingo, kisha nitaziunganisha. Lakini zile ndefu zote ziliharibiwa na taa ya uani. Mwenyeji wangu, Mama Kalekye, alikataa kuizima. "Mgeni wangu akae gizani? Majirani watanionaje?" Nikamwomba tena na tena. Jana aliizima, akaja na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, pamoja na kiti cha pili. "Haya, tukae gizani sote."

Kingo zimeanza kutokea, nyekundu. Bado hazitoshi. Mwambie mama nakula vizuri, na sirudi kabla sijamaliza. Nawapenda.

Mumbua