Hita Niliyoiacha Nje ya Hesabu

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, mwanzoni mwa Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu ikiwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na uvimbe umepungua. Mimi mwili ni mzima. Kazi dukani hapa Kariakoo inaendelea, na bado nakaa kile kile chumba cha Buguruni. Mama ameniambia mahindi mwaka huu si mabaya, na kwamba foleni ya malori ya mpakani imefika tena karibu na geti letu. Nimefurahi kusikia, ingawa habari za malori nimezoea kuzipata kwako, maana wewe huwa unajua hata yamebeba nini.

Baba, nimepiga simu mara nyingi tangu samaki wa kwenye tangi lako wafe. Kila mara mama ananiambia umelala. Juzi nilikusikia kabisa ukisafisha koo, vile unavyofanya kabla ya kusema neno, halafu mama akasema, "Baba yako kalala." Sikumbishia. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na barua nitampa kondakta wa basi ili ikufikie mkononi.

Kuna jambo unaliamini ambalo si kweli, na mimi ndiye niliyekuacha uliamini. Unaamini mama ndiye aliyewaua samaki wako. Dada Neema ameniambia kwamba tangu siku ile chakula chako unapelekewa kwenye kiti, na mama anakula jikoni peke yake. Nimekaa na habari hiyo wiki nzima na imenishinda kuibeba.

Naomba nianze mwanzo, maana unajua siwezi kueleza kitu nikianzia katikati.

Uliponiambia umeme unakatika sana, na kwamba unaogopa kumpoteza Bubu, yule samaki jike anayelea watoto wake mdomoni, nilifurahi. Tangu uache kuendesha lori, ni mara chache umeniomba kitu. Na hiki kilikuwa kitu ninachokijua: kila siku dukani watu wanakuja na orodha ya vifaa vyao, nami nawapigia hesabu ya betri ya kuwatosha na inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Wewe ulitaka tuchukue betri ya lori, kwa kuwa hapo mtaani zimejaa. Nikakwambia betri ya lori imetengenezwa kuwashia injini, itoe umeme mwingi kwa mara moja kisha ichajiwe. Ukiinyonya polepole usiku kucha, baada ya mara chache inakufa. Hapo nilikuwa sahihi. Nadhani hapo ndipo kichwa changu kilipovimba.

Nikamwomba mama anisomee kwa simu wati za kila kifaa kwenye tangi. Alikuwa na tochi, anasoma moja moja.

"Haka ka kutoa mapovu, tano. Hii ya kuchuja, kumi na tano. Na haka kachuma ka kupashia maji, mia mbili."

Nikamwambia, "Hako kaache, mama. Kanakula umeme sana. Maji hayapoi haraka hivyo."

Nikakusikia kutoka kwenye kiti, "Mwambie huku usiku ni baridi."

Nami nikacheka, baba. Nikasema, "Mwambie baba mimi nimezaliwa huko."

Maneno hayo ndiyo yananiamsha usiku. Nilichukua wati ishirini, nikakumbuka kwamba betri haifai kutumiwa zaidi ya nusu, nikatoa na kile kinachopotea kwenye inveta, nikapata saa ishirini na tano. Nikaona nimefanya kazi safi. Nikanunua betri ya sola na inveta ndogo ya wati mia na hamsini, nikasema ina nafasi ya kutosha na kubaki, nikavituma kwa basi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi dukani, shati limelowa jasho mgongoni, feni inasukuma hewa ya moto. Huku ukiacha ndoo ya maji barazani usiku kucha, asubuhi unaoga bila kushtuka. Hesabu ile niliipiga kwa maji ya huku.

Siku umeme ulipokatika jioni, vifaa vyangu vilifanya kazi kama nilivyosema. Mapovu yalitoka, kichujio kilizunguka, na mama alinitumia ujumbe wa kunishukuru. Nililala vizuri. Kumbe maji yalikuwa yanapoa muda wote huo. Alfajiri mama alipokwenda kutazama, Bubu na wengine walikuwa wamelala chini kwenye mchanga, ubavu, wakitikisa mapezi kwa shida. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hukuambiwa vizuri. Walikuwa wameshalala ubavu kabla mama hajagusa kitu chochote.

Akawafunika kwa blanketi, tangi zima. Kisha akachomeka hita kwenye inveta, kwa sababu alifikiri kama mtu anayeiona baridi kwa macho yake. Inveta ikalia, ikazima kila kitu, na mapovu nayo yakasimama; Bubu na wengine wakafa, wakabaki wawili tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hita ya mia mbili haiwezi kukaa kwenye mashine ya mia na hamsini, wala namna ya kuiwasha upya. Kumwambia ilikuwa kazi yangu.

Alinipigia simu asubuhi ile analia. "Ezekia, nimechomeka kale kachuma mashine ikazima. Nimewaua mimi. Baba yako kaniangalia tu, hajasema kitu."

Nami, baba, nilijua. Aliposema "kachuma" tu nilijua yote. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, ile mashine haitaki hita." Basi. Sikusema neno jingine. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na niliyatumia kujificha nyuma yake. Nikakata simu nikaendelea kuuzia watu betri.

Aliyenifungua macho ni Rashidi, mwenzangu wa dukani, mtu wa Tanga. Nilimsimulia kama mkasa wa mteja aliyetumia kifaa vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Hao samaki wako wapi?"

"Tunduma."

"Tunduma ile ya mpakani? Mimi nimelala kule usiku mmoja tu, nimepeleka mzigo. Asubuhi nilinunua koti kabla ya chai! Hita umeiweka wapi kwenye hesabu?"

Nikaanza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ezekia, si unasema wewe ni wa kule?"

"Ndiyo."

"Labda ulizaliwa ukapakiwa basi siku hiyo hiyo."

Wateja walicheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikuwa na pa kuangalia. Mgeni wa usiku mmoja anaikumbuka baridi yetu, na mimi niliyekuwa nakwenda shule ya sekondari nikivuta mikono ndani ya mikono ya sweta nimeisahau. Sikukosea kwa kutojua. Niliambiwa, na wewe, kwa sauti niliyoisikia. Nikaona najua zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili.

La kwanza, mwite mama, mkae meza moja. Kama kuna mtu wa kununiwa katika nyumba hiyo, yuko Buguruni. Mama nimemwambia haya yote jana usiku kwa simu. Nilipomaliza, aliniuliza kama nimekula.

La pili ni wale samaki wawili waliobaki. Mwezi huu ndio wa baridi kali, na sitaki kuwapigia hesabu nyingine kutoka kwenye benchi. Hita ikiingia, ikiwaka nusu ya muda tu, betri ile itamaliza kazi kwa saa nne hivi. Tunahitaji inveta kubwa na betri zaidi, lakini sijui ni ngapi, kwa sababu sijui maji ya hapo yanapoa kwa kasi gani. Mnaojua ni ninyi. Chagueni jioni moja ya baridi, zungushieni tangi maboksi na blanketi, mfunike na juu, mkiacha mrija wa hewa upite. Chomoeni hita tu, mapovu yaendelee. Kila baada ya saa moja mtazame kipimajoto, na mkiona maji yamepoa kwa nyuzi mbili mrudishe hita. Kutokana na hapo nitapiga hesabu, na safari hii nitakusomea wewe kabla ya kununua hata waya.

Kipimajoto kile kina maandishi madogo, najua macho yako hayakipati. Naomba asome mama, na unipigie wewe uniambie.

Nisalimie dada Neema pamoja na shemeji huko Itaka, na shangazi wa Mkwajuni. Mwambie shangazi picha ya mjukuu wake niliipata. Mjomba wa Mpulungu akivuka mpaka, mpe salamu zangu, na umwambie ukweli wa samaki aliokubebea kwenye ndoo kutoka ziwani, asije akamtania mama.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya na ninayekupenda,
Ezekia

Nimesahau: mama anasema alfajiri ile blanketi lilipungua upande mmoja, akaongezea sweta langu la shule. Sikujua kama bado mnalo. Msilirudishe sandukuni. Liacheni hapo kwenye tangi, upande wa dirisha, na nikija nitalivaa hilo hilo.