Miksa ya Kioo Nimeirudisha

Kaka,

Hatujambo, na paa halivuji tena. Ile miksa ya kurekodia nyimbo, ya kioo cha kugusa, uliyoninunulia nimeirudisha dukani, na usininunie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi naona kwa vidole, na kwenye kioo nikipapasa kutafuta, chenyewe kinadhani nimeshaamua. Ndivyo nilivyofuta wimbo wa mama, ule aliouimba kabla ya kiharusi.

Muuzaji alipoona fimbo yangu nyeupe, akamuuliza shangazi aliyenisindikiza, "Anataka ipi?" Nikamjibu mwenyewe. Nikazipapasa zote zikiwa zimezimwa, nikachagua moja kuukuu yenye vitufe vya kuzungusha, ambavyo vikifika katikati hugota kidogo chini ya kidole.

Ulisema nimwachie fundi wa studio anirekodie. Fundi angeificha sauti ya mama ya sasa, kwa kuwa imepinda. Jana mama mwenyewe aliniambia, "Washa." Tukaimba upya, na maneno mengine yakamkwama. Sikuyakata. Sauti yake nimeipandisha juu kuliko yangu. Wimbo ninaokutumia usikilize mpaka mwisho, na usiniambie niipunguze.

Mdogo wako, mbishi yuleyule