Jicho Ulilomwachia Ilenia

Baba Severino, mwaka umezunguka tangu ulipotuacha hapa Gardone, mji wetu wa mafundi bunduki, na hadi leo hakuna aliyethubutu kukisogeza kiti chako pale dirishani. Si kwa heshima tu. Tunaogopa utatusema.

Ulikuwa mtu mwema, na ulikuwa mtu wa kuchosha. Majirani wajane uliwapasulia kuni bila kuombwa, ukarudi ukinung'unika kwamba mashoka yao ni butu. Polenta, ugali wetu wa mahindi, ilipoa mezani, mama Ines akaita, akaita tena, nawe umeinamia bamba la bunduki, jicho kwenye kioo cha kukuzia, unadunga nukta moja moja za manyoya ya sungura unayemchonga. "Nakuja." Hukuja. Ulipokuja, ulilalamika chakula kimepoa.

Ilenia, mke wa mwanao Loris, alikujia kujifunza kazi, ametoka darasa la jioni la uchoraji, ana mimba ya mjukuu wako Agnese na matumaini tele. Ukampa kipande cha chuma na ncha ya kuchongea. Akichonga, unapiga msasa kufuta yote. Akichonga tena, msasa.

"Baba, nimekosea wapi?"

"Angalia."

"Nimeangalia."

"Basi angalia kama mtu aliyekosea."

Siku moja alichonga sungura nyumbani kwake, taa ikiwa kushoto kwake, akakuletea kwa fahari. Dirisha lako lilimulika kutoka kulia. Kila nukta ikashika mwanga kinyume, tumbo jeupe likawa jeusi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Sungura gani huyu, bibie? Jioni kanona, asubuhi kachunwa."

Akatoka uani akilia. Ukamfuata na kipande kipya, ukampisha kwenye kiti chako. Pole hukusema. Hukuwahi kujua kuisema.

Manyoya akayaweza, mabawa akayaweza. Lakini jicho la mnyama ulilichonga wewe, kila mara.

"Jicho niachie mimi."

"Hata la kware, baba?"

"Hata la kware. Manyoya yakiharibika, ni manyoya. Jicho likiharibika, umechonga mzoga."

Kisha ukalazwa, hukurudi. Ukaacha bunduki ya mteja ina mbwa wa windo aliyekamilika hadi masharubu, hana jicho. Loris alitaka kuipeleka bunduki kwa fundi mwingine. Ilenia akakataa, lakini naye hakuthubutu kumgusa mbwa huyo. Alikaa naye siku nyingi akikugombeza: "Ungenifundisha, baba. Nukta chache tu. Ungepungukiwa nini?"

Mama Ines akamsikia. "Nilimwambia alimalize jicho hilo kabla ya kwenda hospitali," alisema. "Mkono wake ulikuwa bado mzima. Akaniambia, 'Hilo la Ilenia.' Nikadhani ni ukaidi wake tu."

"Na mimi hakuniambia?"

"Wewe ungemuuliza ufanyeje."

Ilenia alikasirika, baba, tusikufiche. Alikasirika huku akiketi kwenye kiti chako palepale kilipo, akakasirika huku akiwasha taa upande wa kulia. Agnese alipoamka kutoka usingizi wa mchana, mama yake alikuwa bado ameinama, na chakula kimepoa.

Mbwa sasa anaona. Anatazama juu kidogo kuliko ambavyo ungependa, na Ilenia hampigi msasa.

Unakumbukwa na mkeo Ines, mwanao Loris, mkweo Ilenia na mjukuu wako Agnese. Hatutakusahau, baba, hata siku tutakapotaka kupumzika kidogo na manung'uniko yako.