Ukingo wa Kushoto wa Picha

Jumamosi, 14 Juni 2025

TV imefika! Naftali alilipia dukani mjini, wakaileta na bajaji mpaka hapa Moshono. Kubwa mno — imemeza ukuta wote wa sebuleni. Ile ya kichogo nimeipeleka stoo. Mama akaiaga kama mtu anayesafiri.

Kaka yangu huyu ana mambo. Amenitumia na flashi, ndani yake ule mkanda wa mazishi ya Baba. Tulikuwa tunauangalia kila mwaka hadi deki ilipokufa. Sasa kauhamishia huko Mwanza anakoishi, bila kuniambia.

Tukaweka. Loo! Watu wote wafupi, wapana. Mama akauliza mbona wamemnenepesha. Jeneza la Baba limekuwa pana kama kabati. Tukacheka — kwenye mazishi! Nikabonyeza rimoti, ikaja Zoom. Vichwa vikakatika. Mchungaji anahubiri hana kichwa, mikono tu inapanda na kushuka.

Hapo Mama hakucheka tena. Akasema zima, inatosha.

Jumapili, 15 Juni

Baridi, mawingu, Mlima Meru haujaonekana kutwa nzima. Baada ya ibada nikamwita Muzammil, jirani yetu, mambo haya anayaweza.

Akamwamkia Mama, akakaa, akashika rimoti. Akanielewesha vizuri tu. Video ya zamani ina umbo karibu la mraba, TV mpya ni ndefu kwa upande. Ukiilazimisha kujaza kioo, watu wanavutwa, wanakuwa wapana. Ukiweka Zoom inajaa, lakini juu na chini panakatwa. Weka Original — utapata weusi huku na huku, lakini picha inabaki kama ilivyopigwa.

"Na tena dada Evelyn, hapa unaiona yote. TV za kichogo zilikuwa zinakula pembeni kidogo. Kuna ukanda hujawahi kuuona."

Akaweka. Kweli, sura zikarudi. Mama akawa Mama, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Mimi nipo miguuni kwake, nina miaka minane, nimeshika pindo la gauni lake. Nyumbani kwa Babu kule mlimani, migomba imezunguka kaburi.

Na kwenye ukingo wa kushoto kuna mwanaume.

Nusu mwanaume. Bega, kofia, mkono. Amesimama ndani ya migomba, nyuma ya watu wote. Haimbi. Muzammil hakumwona, alikuwa ananionyesha kitufe. Mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Mama alikuwa jikoni anachemsha chai.

Kuna pale ambapo Mama anageuza shingo ghafla kuangalia kushoto. Miaka yote tulisema hapo alikuwa anaishiwa nguvu, hataki kuona jeneza likishuka. Kumbe alikuwa anaangalia pembeni, kwenye kitu ambacho TV yetu ilikuwa inakikata.

Sasa hakijakatwa. Anamwangalia yule mtu.

Jumanne, 17 Juni

Mama alikwenda kwenye umoja wa wanawake. Nikafunga mlango, nikaweka tena. Kweupe, saa za mchana.

Nilijiambia ni mwombolezaji tu. Labda kivuli. Lakini kuna mama amebeba viti, anapita pale, anamkwepa. Kivuli hakikwepwi!

Nikasimamisha picha. Uso haupo, kofia imeufunika na picha yenyewe ina chengachenga. Ila mkono! Ameupeleka nyuma, ameshika shingo, kiwiko juu. Naftali anakaa hivyohivyo akiwa na mawazo. Mama humkemea — toa mkono huo! — mpaka tulidhani ni mambo ya adabu.

Baba yetu, Aminieli, alifia machimboni Mererani. Kifusi. Baba mdogo Elisaria ndiye aliyeleta jeneza, limepigwa misumari, akasema msifungue, hapatazamiki. Baba mdogo naye ameshakufa. Hakuna wa kumuuliza.

Nikarudisha picha kwenye Zoom. Vichwa vikakatika, lakini yeye akabaki palepale ukingoni. Nilikaa pale naangalia weusi wa kioo baada ya kuzima, najiona mwenyewe nimekaa kwenye kochi. Nikaondoka sebuleni.

Alhamisi, 19 Juni

Nimerudi kazini nikasimama mlangoni nisiamini. Mama ametandika kitambaa cha kufuma kwenye TV. Si juu, kama watu wanavyofanya. Amekining'iniza upande wa kushoto tu, mpaka chini, na juu amekikandamiza kwa Biblia kubwa iliyolazwa kwenye rafu ya ukutani. Mkanda unaendelea. Sauti amezima. Yeye amekaa anaangalia watu wanaimba bila sauti.

Na alikuwa ameweka Original. Mama, asiyejua hata kuongeza sauti!

Nikamwambia, "Mama, nimemwona."

Hakushtuka. Akasema, "Nilijua utamwona. Muzammil aliposema kuna ukanda hatujauona, nilikuwa hapo jikoni, nikaacha chai ikamwagika."

"Ni nani?"

"Unamjua."

Nikakaa chini, kwenye zulia. Akazungumza taratibu, kama anasoma matangazo kanisani. Jeneza hakulifungua, alikatazwa. Alimlilia mumewe kwa moyo wote. Halafu akainua macho, akamwona amesimama kwenye migomba. Wakaangaliana. Baba akatikisa kichwa kidogo tu — usiseme.

"Ukaendelea kulia?"

"Nikaendelea. Watu walikuwa wananiangalia. Na jeneza lilikuwa limeshaanza kushuka, Evelyn. Ningesema nini?"

Nikauliza aliyezikwa ni nani basi. Akasema hajui. Mtoto wa watu. Huenda ana mama yake, anamsubiri mpaka leo. Kila Krismasi tunapaka chokaa lile kaburi, tunaweka maua, Naftali anaomba kwa sauti.

Kwa nini Baba alifanya vile? Hajui. Miaka ya nyuma mama mmoja wa Ngaramtoni alimwambia amemwona sokoni, ana mbuzi, anaishi Oldonyo Sambu karibu na josho la mifugo. Mama akamjibu umefananisha.

"Nilikuwa mjane. Nilishazoea ujane. Ningeenda kumfuata mtu niliyemzika?"

Nikakiondoa kile kitambaa. Alitaka kunizuia, akaacha. Tukamwangalia wote wawili mpaka mkanda ukaisha. Mama akasema, kama anajisemea: "Sikukumbuka kama alikuwa kijana vile."

Jumamosi, 21 Juni

Oldonyo Sambu. Mama mwenyewe kasema twende. Naandika ndani ya gari la Muzammil, mwandiko hausomeki, sijali. Yeye kashuka kutafuta maji ya rejeta. Hajui tumekuja kwa nani — tumemwambia ni ndugu mgonjwa.

Upande huu mlima una sura nyingine kabisa. Vumbi, upepo, hakuna mgomba hata mmoja. Josho tumeliona. Tuliuliza Aminieli, hakuna anayemjua. Mama akaeleza umri, akaeleza urefu. Halafu akapeleka mkono nyuma ya shingo, kiwiko juu. Mzee mmoja akacheka, akaonyesha nyumba ya bati kule bondeni.

Mama kaniambia nibaki kwanza. Amekwenda peke yake, polepole, amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Namwona kutoka hapa. Uani kuna kamba ya nguo, sare za shule, ndogondogo. Kuna mwanamke ametoka, anajifuta mikono. Anaonekana wa rika langu. Wanasalimiana. Ananyanyua stuli, anamkaribisha Mama. Mama hakai.

Mwanamke anageuka, anaita ndani. Kioo cha gari kipo wazi, nasikia: "Baba! Kuna mgeni wako!"

Baba!

Upepo tu.

Sauti yake siikumbuki. Nimekuwa najaribu tangu asubuhi, haiji.

Sasa kuna mtu anaitikia kule ndani. Anauliza ni nani. Mwanamke anamgeukia Mama, anasubiri jina.

Mama anageuza shingo. Anaangalia huku kwenye gari. Ananiangalia mimi. Anatikisa kichwa, kidogo tu —