Kamyo Yenye Kunguruma Bila Kwenda

Dilala, 9 Mai 1993

Yaya Tshimanga, mukubwa wangu wa kazi,

Jambo mingi. Muke wako mama Laurentine na batoto beko je? Shee tuko bazima.

Yaya, siku balikufukuza hapa pamoja na Bakasai bengine, batu ba kabila yako, sikufika gare ya treni kukuaga. Nilijifungia mu nyumba, niliogopa baniite rafiki yako. Unisamehe.

Ku atelier, kule tunatengeneza mashini, moteur ya diesel mi najua, lakini courant, ule umeme, ilikuwa kazi yako. Kamyo, ile lori kubwa ya mugodi, inanguruma, magurudumu haizunguke. Shefu anasema nifungue kabati ya courant mwisho wa Juni. Minaogopa kufa.

Mudogo yako, Nkulu

Mwene-Ditu, 2 Juni 1993

Mudogo wangu Nkulu,

Nafurahi kusikia muko bazima. Tunalala mu nyumba ya masomo, jamaa ine mu darasa moja. Mama yangu Tshibola hakufika. Tulimuzika pembeni ya reli. Ya kutokuja gare, nilikasirika sana. Lakini sitaki ufe.

Sikiliza. Kigari cha kubebea vitu mu stoo kinakula batri tu. Ikiisha, unairudisha ku prise ya courant mu ukuta. Kamyo yetu ni ingine: diesel haisukume magurudumu. Inazungusha alternateur, mashini yenye kutoa courant ya kulisha moteur zenye kuwa ndani ya magurudumu. Mu kushuka, zile moteur zinageuka kutoa courant, njo kamyo inapunguza mbio. Ile nguvu tunaitupa, inakuwa moto tu. Nilisoma kama Bazungu banajaribu motokari ya petroli na batri pamoja, yenye kuiweka ile nguvu kwa kupanda mulima.

Sasa yako: alternateur inaomba kwanza courant kidogo, inapita ku charbon, vipande vidogo vya makaa vyenye kugusa chuma chenye kuzunguka. Charbon zikiisha, diesel inanguruma bule.

Zima yote. Kata batri. Ngojea nusu saa, pima kama courant imeisha yote, njo ufungue. Haraka yako isimuvalishe muke wako Henriette nguo nyeusi.

Yaya yako, Tshimanga

Dilala, 11 Julai 1993

Yaya wangu,

Pole ya mama Tshibola. Henriette alilia tukisoma. Kile kifua chenye kumusumbua mama Laurentine kiko je na hii baridi?

Charbon zilikuwa zimeisha kabisa! Nilitia za mupya, kamyo ikaondoka polepole, batu bakapiga mikono. Shefu akauliza: «Nani alikufundisha?»

Nikajibu mbele ya bote: «Tshimanga.»

Bakaanza kuniita rafiki ya Mukasai. Juzi balinipa barua ya kuniondoa mu kazi. Tunaenda Sandoa, kwa bazazi ba Henriette, kulima mihogo. Usijilaumu, yaya. Bengine hapa hawanisalimie, lakini nalala muzuri.

Uniandikie kwa misioni ya Sandoa.

Mudogo yako, Nkulu