Kompyuta ya Maribeth na Mkono Wangu wa Kulia

Rochester, New York
Jumapili, katikati ya Oktoba

Dada yangu mpendwa Winifred,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Nadine na kwa binti yetu Maribeth. Natumaini goti lako limetulia na kwamba baridi ya Duluth haijaanza kukufungia ndani. Sisi ni wazima, ila Nadine ana mafua ambayo anayakana kabisa. Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati tungeweza kuonana kwenye simu na kuongea kwa mikono kama kawaida yetu. Habari hii inahusu mikono yangu, dada, na sikutaka uitazame wakati naisimulia.

Unajua Maribeth aliacha kazi yake ili atengeneze vikaragosi vya kompyuta vya kuwasimulia hadithi kwa lugha ya alama watoto wa shule ya viziwi. Kampuni moja ilikuwa imeionyesha shule vikaragosi vyake. Mikono ilicheza, lakini nyuso zilikuwa zimeganda kama za watu waliotoka kung'olewa jino. Maribeth akamwambia mwalimu mkuu kwamba yeye atatengeneza kimoja kinachosema kama mtu, nacho kitasimulia ile hadithi yangu ya dubu aliyeingia kwenye duka la mikate. Watoto wasipokielewa, shule itanunua vya kampuni. Basi sebule yetu ikageuka karakana, nasi tukawa tunaruka nyaya tukitaka kukaa.

Lazima nimsifie kwako kwa jinsi alivyoichagua kompyuta ya kazi hiyo. Stan, mwenzangu wa kiwanda cha magazeti, alimshauri anunue kubwa kuliko zote, yaishe. Maribeth akamuuliza kama yeye hununua lori kabla ya kujua atabeba nini. Alianzia kwenye mikono. Kikaragosi kingemwiga msimuliaji aliyesimama mbele ya kamera, naye alisema mikono ya viziwi ina mbio, kwa hiyo alitaka kamera zinazopiga picha nyingi kwa sekunde. Picha nyingi zinataka njia pana, kwa hiyo akatafuta ubao mkuu wa kompyuta ambao hauzibananishi kamera zote kwenye mlango mmoja, kisha diski yenye kasi ya kuzimeza picha hizo. Mwishoni kabisa ndipo akachagua kadi ya picha, ile inayofanya kazi ya kutambua kila kiungo cha mwili kiko wapi. Alisema wengi huanza na kadi, wakaishia na kadi ya fahari inayosubiri picha zilizokwama mlangoni. Mimi nimeishi na mitambo ya kuchapa maisha yangu yote ya kazi, najua karatasi ikikwama mdomoni mwa mtambo inakuwaje. Nilijivuna mbele ya Stan mpaka akachukua kofia yake akaenda zake.

Hata hivyo tabu ilitukuta. Kikaragosi kilitembea upande, mara mkono umezama kifuani. Stan akarudi haraka sana, akasema, "Si nilikwambia? Hiyo mashine ni dhaifu." Maribeth alibadilisha nyaya, akafungua na kufunga, akakaribia kuirudisha ile kadi dukani. Mchana mmoja alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta, Nadine akamwita kula kama tunavyoitana siku zote nyumba hii, kwa kupiga mguu sakafuni. Maribeth akaona picha zote zinaruka. Kamera zilikuwa zimesimama kwa miguu yake kwenye mbao hizi za kale, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukizisogeza kutwa kucha kwa kuitana. Alicheka mpaka akakaa chini. Akazifunga kamera ukutani kwa skrubu na kupiga marufuku kugonga sakafu. Anayemtaka amrushie soksi. Nadine ana shabaha mbaya sana kwa mumewe na nzuri sana kwa wageni.

Zamu yangu ikafika. Kwanza alinivika glavu za kunasa vidole, lakini unajua mtambo wa kuchapa uliondoka na kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wangu wa kulia hata kabla Maribeth hajazaliwa, na vidole viwili vya glavu vilining'inia vitupu. Akazitupa, akasema tutategemea kamera. Nikasimulia dubu wangu mwanzo hadi mwisho. Alipokifungua kikaragosi, kilikuwa na vidole vitano. Programu ilifunzwa kwa mikono ya watu wengine, ikakisia vile nisivyokuwa navyo. Na ilikisia vizuri, Winnie. Nilikiona kidole cha pete kikiinuka pale pale ambapo mimi ningekiinua.

Stan alitazama, akauliza, "Huyu nani, meneja wa benki? Anasema vizuri, lakini mimi simjui." Hakukosea. Kwa viziwi wa mji huu jina langu ni mkono wangu huo: anayenitaja hukunja vidole viwili vya mwisho, akagonga kifua. Maribeth alisema ataongeza kamera ya kuutazama mkono kwa karibu na ataifunza programu mkono wangu, ila kazi hiyo inataka kadi yenye kumbukumbu kubwa kuliko hii aliyoihangaikia. Nikamwambia aache, asijisumbue, watoto wataelewa zaidi mkono uliokamilika.

Haikuwa kweli, dada. Nilivitaka vile vidole. Siku aliyotoka kwenda sokoni niliingia peke yangu nikamwangalia yule mtu wa kwenye kompyuta akisimulia, nikarudia, nikarudia. Sikujua kwamba nimevikumbuka kiasi kile. Nililia.

Maribeth akarudi akanikuta. Aliweka mfuko wa viazi chini, akavuta kiti, akanifungulia picha nyingine: mifupa mitupu, haina uso wala nguo, inasimulia dubu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekunjwa katika kila neno. Nikamuuliza ameurekebisha lini mkono wangu. Akanijibu, "Baba, huyu ni mimi, siku niliyokuwa nazijaribu kamera."

Nikadhani kompyuta imekosea tena. Akainua mkono wake wa kulia, mzima, akaniomba mkate. Akauomba kwa vidole vitatu. Nilimuuliza ameanza lini, akasema hakumbuki kuanza. Shuleni walimu walimnyoosha vidole na wenzake wakamtania, na mpaka leo huvinyoosha akiwa na wageni. Nyumbani havinyooki. Mwaka nenda, mwaka rudi nimekaa naye meza moja, Winnie, nikiutazama mkono ule kila siku, na sikuwahi kuona kwamba ni wangu.

Nimemwambia aagize ile kadi kubwa, kikaragosi kipate mkono wangu.

Nadine anakusalimu, anauliza kama ule mche wa waridi ulishika. Wape salamu majirani zako wote wanaotukumbuka, na ujitunze na hiyo barafu. Ukishaisoma hii, nipigie simu tuonane, sasa naweza kuisimulia.

Mdogo wako akupendaye,
Orville