Kitu Mkononi mwa Beda

Jumatano, 9 Oktoba

Beda amejitupa chini leo. Hapa hapa mlangoni pa stoo, puu! kama gunia. Macho kayageuza juu, miguu inapiga vumbi, analia niacheni, niacheni. Moyo ulinilipuka — mwanangu! Nikatupa mwiko, nikamwinua. Kumbe kafungua jicho moja, ananichungulia. Akacheka. "Mama, mimi dada Bright."

Na mimi nikacheka. Halafu nikamwona Angela, mpishi mwenzangu, kasimama na ndoo, hacheki. Akasema hayo siyo mambo ya kuigiza, Mama Beda, siyo wakati huu.

Kweli. Tangu Jumatatu wasichana wanaanguka. Ilianza jioni, kwenye rozari pale groto, penye sanamu ya Bikira Maria. Wa kwanza Brightness wa fomu tuu. Alidondoka katikati ya Salamu Maria. Aliyekuwa pembeni yake akapiga ukelele, naye chini. Kisha mwingine. Na mpaka leo — darasani, bwenini, hata bombani. Wengine wanasema wanaona kitu. Sista Salome, mkuu wa shule, anasema ni joto, na hofu ya mtihani wa taifa, na kutokula. Katuambia tuongeze sukari kwenye uji. Tumeongeza.

Nimemwambia Beda akirudia mchezo ule nitamchapa. Akaniuliza kwa nini. Nikageukia maharage.

Halafu hilo la jiko. Mzee Makarius, mpishi mkuu wetu, kanigombeza. Jiko kubwa la kuni, lile tulilolikandika udongo mpya likizo ya Juni, kona yake inaliwa. "Siyo panya huyu, ni mwanao. Akikua huyu atakuwa mkandarasi wa kubomoa!" Na kweli nimemkuta Beda na kijiko, kucha zimejaa udongo. Nimempiga kofi la mkono. Dogo tu. Sasa amelala na kijiko bado kakishika. Roho inaniuma.

Maharage yako motoni, naandika haraka. Januari Beda anaingia chekechea ya masista. Sista mwenyewe kaniahidi. Na mimi mchana niingie darasa la cherehani. Mimi! Niliyeishia fomu tuu. Nikiwaza hivyo hata moshi hauniumi macho.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo wameanguka kwenye misa. Padre Onesphory hata injili hajamaliza. Kashuka altareni, kawanyunyizia maji ya baraka, kasema kwa sauti ya kawaida tu, wapelekeni kivulini, wapeni maji wanywe, tunaendelea. Akajaribu na utani, eti mahubiri yake hayajawahi kuangusha watu hivi, na bado hajayaanza. Wasichana wakazidi kusogeleana.

Uji wa saa nne. Huwa foleni mbili, yangu na ya Angela. Ya Angela ilifika mpaka kwenye tanki la maji. Kwangu hakuna mtu. Nikaita, njooni huku jamani, uji unapoa. Wakatazamana. Halafu nikawasikia wasichana nyuma ya dirisha:

— Kwa nani? Kwa mama wa yule mtoto? Nikanywe nini!

— Si mtoto tu jamani.

— Mtoto! Jumatatu kampa Bright kitu mkononi, pale nyuma ya jikoni. Nimeona kwa macho yangu. Jioni Bright huyo, chini.

— Kitu gani?

— Kimefumbwa kwenye kiganja, nitajuaje? Na jana kaigiza kabisa. Kafundishwa na nani?

Kata ilinitoka mkononi, ikazama kwenye uji.

Beda wangu hana hata miaka minne! Siku zote wasichana hawa ndio wanaombeba, mgongo huu mpaka mgongo ule, wanagombania. Leo kasimama mlangoni pa bwalo, kanyoosha mikono juu, abebwe. Wamempita. Wamempita wote, wengine wamezunguka mlango wa nyuma.

Nimemwuliza, ulimpa dada Bright nini?

"Chakula."

Chakula gani?

"Chakula chake." Akaenda kufukuza nyani kwenye pumba.

Ijumaa, 11 Oktoba

Metroni Raheli kaja chumbani kwangu. Shikamoo — marahaba. Hakukaa. Akasema samahani Tumwagile, nimetumwa na hali yenyewe, mvue mtoto shati.

Nimemvua. Alikuwa anatafuta hirizi kiunoni. Hakuna. Ana medali ya Bikira Maria shingoni tu, na kamba yake ya kaptula. Metroni kaona aibu, namjua, kaanza kusifia kitovu cha mtoto. Lakini kwenye kutoka akauliza, baba yake hasa ni mtu wa wapi? Na alizaliwa hospitali?

Wazazi wamepigiwa simu. Wengine hata hawakupigiwa, habari imefika yenyewe mpaka Msowero.

Angela anasema panda basi asubuhi nenda Kilosa kwa mama yako, yapoe. Nimempigia mama. Kasema njoo. Halafu kasema, lakini ukija watasema umekimbia.

Siendi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimejua. Mwandiko mbaya, naandika mbio.

Mzee Makarius alienda sokoni. Nikajifanya nachambua mchele, jicho kwa Beda. Akazunguka jiko. Akatoa kijiko chini ya gunia — kumbe anakificha! Kwaru, kwaru, kwaru. Akafumba kiganja, huyoo, nyuma kwenye rundo la kuni. Nikamfuata bila viatu.

Brightness alikuwa kachuchumaa kule. Katoroka chumba cha wagonjwa. Beda akafungua kiganja. Dada wa watu akauchukua ule udongo, akautia mdomoni, akafumba macho. Alivyoutafuna!

Nilijua pale pale. Nani wa kuniambia? Mimba ya Beda, mimi nilikula ukuta wa nyumba ya bibi, pale Mabwerebwere, mpaka ukatoboka. Bibi ndiye aliyenijua kabla ya mama, kwa lile tundu.

Akaniona. Hakukimbia. Kaficha mikono nyuma kama Beda anavyofanya.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu likizo, dada. Hakusema ya nani na sikumwuliza. Akasema Jumatatu alianguka kweli, kizunguzungu, alikuwa hajala kutwa, harufu ya maharage inamchefua. Hao wengine hata hajui wanaanguka nini. Akiwaona anaogopa na yeye.

— Na mwanangu je? Unasikia wanavyosema?

— Sijasema mimi dada. Wamesema wao.

— Hukukataa!

Machozi na udongo mdomoni. Akapiga magoti juu ya maganda ya kuni. Mtihani tu dada. Nimalize mtihani. Ukisema leo wananitoa leo. Baba yangu katekista, kigango kizima Vidunda kinamwangalia. Acha nimalize, nitamwambia mwenyewe, naapa.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkokota hivyo hivyo mpaka kwa Sista. Halafu nikaona soksi zake. Nyeupe, kazivuta vizuri. Hana amani, hana chakula tumboni, na soksi kafua. Nilikuwa navuta hivyo hivyo! Asubuhi ile ya mwisho nilienda shule na soksi safi. Serikali inaruhusu kurudi ukishazaa sasa, najua, Sista alitusomea. Lakini baba yangu alisema basi. Ikawa basi.

Nimembeba Beda nikaondoka. Njiani ananiuliza, "Mama, dada Bright kashiba?"

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya leo sitaisahau. Wazazi wamejaa. Padre akasema tutakiane amani. Beda hapo ndipo furaha yake yote ilipo, huwa anatoka kwenye benchi anasalimia kanisa zima. Akatoka. Akanyoosha mkono kwa mama mmoja aliyetoka Msowero, mwanawe kaanguka mara mbili. Mama yule kaingiza mkono ndani ya khanga. Beda akadhani ni mchezo. Akangoja. Akaenda kwa wa pili. Wa tatu. "Amani ya Kristo, amani ya Kristo," peke yake, na kile kimkono. Nilimfuata nikamrudisha. Sikulia. Nimekuja kulia kwenye kukatakata vitunguu, na hakuna aliyeuliza.

Sista Salome kaniita. Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Milele amina, kaa. Alikuwa kachoka, viatu kavua chini ya meza. Akasema yeye haamini upuuzi huo na hataki kuusikia. Lakini kesho ni sikukuu, wazazi wana kikao, na wana swali moja: mtoto alimpa Brightness nini? Wakipata jibu wataondoka. Wasipopata wataondoka na watoto wao, wiki mbili kabla ya mtihani. "Na mimi sitaweza kukuacha hapa na Beda, Tumwagile. Siyo kwa kutaka. Mtu anaweza kumfanyia mtoto kitu." Halafu akanitazama. "Nieleze mimi kwanza. Alimpa nini?"

Neno moja tu. Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Udongo, Sista. Lakini Sista ni mtoto wa mwanamke, kakulia kijijini, ana wadogo wanaozaa. Angeuliza swali la pili.

Nikasema sijui.

Akasema, nenda ukasali.

Jumatatu, 14 Oktoba, Nyerere Day

Niko stoo, juu ya gunia la unga. Bwalo liko upande wa pili wa ukuta, matofali ya matundu, kila neno linapita. Nimeambiwa ningoje nitaitwa. Nimeshika daftari hili ili mikono ipate kazi. Beda yuko miguuni anapanga maharage foleni.

Kabla ya kikao kuna mzee alikuja jikoni kuomba maji. Mwembamba, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nikajua kabla hajasema. Mwalimu Gabrieli, katekista, baba yake Brightness. Beda kamkimbilia, nani wa kumzuia! "Shikamoo babu!" na mkono mbele. Nikakaza roho.

Mzee kainama. Kaushika. Kaushika kwa mikono yake miwili! "Marahaba mjukuu wangu. Marahaba sana." Wa kwanza tangu Alhamisi.

Na Beda — Mungu wangu — akafungua mkono wa pili. "Chakula." Kipande cha jiko. Mzee akacheka, asante baba, nitakula baadaye, akatia mfuko wa shati. Nilitaka kusema kirudishe. Akanywa maji yake, akanishukuru, akaingia kikaoni.

Yule mama wa Msowero ndiye anaongea sasa. Anasema hamchukii mtu, lakini mwanawe halali. Wanaitikia. Mwanaume mmoja anasema sisi tunataka kujua kitu gani, basi, siyo hotuba. Makofi.

Mwalimu Gabrieli kaomba nafasi. Naandika anavyosema. Anasema, wazazi wenzangu, wa kwanza kuanguka ni binti yangu, mwenye haki ya kupiga kelele ni mimi. Mtoto mnayemsema nimemshika mkono leo. Na hicho kitu chake kanipa hata mimi. Mbona nimesimama? Hiki hapa. Mnaona? Udongo! Udongo wa jiko, mtoto anachezea, anagawia kila mtu!

Wanaume wanacheka! Sista naye namsikia. Nimemshika Beda nimembana mpaka kalalamika. Asante Mungu, asante Mwalimu, imekwisha, tuna chumba chetu, tuna Januari —

Wanawake hawacheki.

Wanaume wenyewe wamegundua, kicheko kinakatika kimoja kimoja. Kiti kinaburutwa. Ni mama wa Msowero tena, ila sauti kaishusha. Anasema, Mwalimu, huo udongo umekwanguliwa. Mtoto wa miaka mitatu hajianzishii. Anampelekea mtu anayeula. Ni nani hapa shuleni anayekula udongo?

Kwenye tundu namwona Brightness, kasimama mlangoni na wenzake, mkono mdomoni. Baba yake bado kakishika kile kipande juu, mbele ya watu wote, anatabasamu. Hajaelewa.

Nikimtaja, Beda atakuwa safi kabisa. Leo leo watambeba. Nikisema ni wangu wataamini, hata hawatashangaa, si ndiye yule aliyezalia nyumbani? Watauliza mimba ya nani. Tumbo langu liko tupu, litanisuta mbele ya safari, lakini mpaka hapo mtihani utakuwa umepita. Na chekechea, na cherehani — Beda, mwanangu, ungenishauri nini?

Sista anaita. Tumwagile! Njoo na mtoto.

Nakuja, Sista.

Kanishika sketi, maharage yake kayaacha. Nimeshajua nitakachosema. Nitasimama pale mbele ya Mwalimu, nitawaambia huo udongo ni wangu.